Giaboksi ya Toyota 110 yangu imegoma kuingia, nisaidieni kabla sijaivunja

kijana_wa_mtopanga

Salaam aleykum wakubwa kwa wadogo. Niko na Toyota 110 (Corolla) manyuali, injini 5A. Klachi ilikuwa imeanza kuteleza kitambo, ile ya kupanda Nyali Bridge jioni na foleni injini yalia tu gari haiendi na harufu ya kuungua yaingia mpaka ndani. Fundi wa huku mtaani akanitajia pesa ya leba nikasema hapana, hio pesa nanunua spana na zabaki zangu. Basi mimi na binamu yangu tumeishusha wenyewe hapa uwani.

Kutoa haikuwa kazi sana. Betri, staata, drafshafti zote mbili (vile vyuma vya kuzungusha magurudumu ya mbele), kebo za gia nikazifunga kando, giaboksi ikashukia juu ya tairi kuukuu. Nimeweka seti mpya ya klachi, pleti, presha pleti (ile inayoibana pleti) na biringi yake. Sasa kurudisha ndo balaa lenyewe. Yaingia vizuri alafu yasimama, juu imebaki kama kidole kimoja, chini vidole viwili hivi. Tumesukuma, tumetikisa, bismillahi tumesoma, wapi. Binamu asema tutie zile bolti ndefu tukaze mdogo mdogo zivute zenyewe mpaka iingie. Mimi roho yakataa. Ni sawa kufanya hivyo ama?

mzee_wa_soketi

Kijana wacha hizo bolti kabisa, usimsikize binamu. Bolti kazi yake ni kushika, si kuvuta. Kengele ya giaboksi, ile sehemu pana inayogusana na injini, ni aluminiamu, ukikaza na ndani kuna kitu kimezuia lile sikio la bolti laondoka na kipande chake na hapo utatafuta giaboksi nyingine. Na hata isipopasuka, ile shafti ya giaboksi yenye meno ya kuingia kwenye pleti itakuwa yaisukuma pleti katikati mpaka pleti ipinde, utafunga kila kitu utawasha gari alafu klachi haiachii, gia ya kwanza yasaga na rivasi haiingii kabisa, ushushe tena.

Giaboksi ikiwa imekaa sawa yaingia kwa mikono. Watu wawili, yateleza mpaka igusane na injini pande zote, alafu bolti wazianza kwa vidole. Ikikataa kuna kitu hakijapangana, wacha kusukuma utafute ni kipi.

Na pale iliposimama panakwambia ni nini. Ikisimama mbali, vidole vitatu vinne, mara nyingi ncha ya shafti yagonga pleti na meno hayajakutana, ama pleti haiko katikati. Ikisimama kati yawezekana rilisi biringi, ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi, imelala upande. Ikibaki kidogo sana mwisho, unene wa peni hivi, angalia zile pini za kuongoza ama kuna waya umebanwa. Yako naona juu na chini hazilingani kwa hivyo mimi naanza na pembe. Injini umeiegemezaje?

changamwe_jua_kali

Mzee hapo tunatishana tu. Sisi huku twakaza na bolti kila siku na gari zatoka zinaenda. Muhimu ukaze kwa zamu, huku kidogo huku kidogo.

mzee_wa_soketi

Zilizoingia kwako zilikuwa tayari ziko kwenye pini zimebakisha nukta, hapo hata mimi nakaza. Huyu amebakisha vidole viwili. Usimwambie mtu kitu ambacho kikivunjika wewe hutakuwepo kulipa.

bi_spana_tudor

Kabla hamjaendelea na pembe mimi nauliza swali la maana zaidi, hio gari imesimama juu ya nini?

kijana_wa_mtopanga

@bi_spana_tudor mbele nimeweka mawe ya kuchonga, mawili kila upande, alafu jeki chini ya injini. @mzee injini haijaegemezwa na kitu kingine ni hio jeki tu, na maunti (kile kishikilio cha kwenye bodi) ya upande wa giaboksi nilishaitoa.

bi_spana_tudor

Nilijua. Kaka, toka huko chini sasa hivi na binamu yako pia atoke. Jiwe la kuchonga ni matumbawe, lina matundu ndani, labeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa, lakini uzito wa gari ukikaa kwenye nukta moja lapasuka bila kukwambia. Matofali ya simiti hivyo hivyo. Na nyinyi mpo hapo chini mnasukuma na kutikisa gari yote.

Azima stendi, zile za chuma za miguu mitatu ama minne, fundi yeyote wa karibu atakukodisha kwa pesa kidogo. Ziweke kwenye lile fremu pale pa kuinulia, si kwenye sahani ya chini ya injini. Uwani kama ni mchanga, na huko kwenu najua mchanga upo, tia ubao mnene chini ya kila stendi na chini ya jeki, manake mguu wa stendi wazama upande mmoja gari yalala. Tairi za nyuma tia vizuizi mbele na nyuma, handibreki vuta. Alafu zile rimu kuukuu ama tairi nzima ziteleze chini ya gari kama akiba. Tikisa gari kwa mkono ukiwa nje, ikitulia ndo urudi chini.

Tena giaboksi yenyewe yapita kilo 30, usiibebe kifuani ukiwa umelala chali. Watu wamevunjwa mbavu na vitu vyepesi kuliko hio.

kijana_wa_mtopanga

Sawa dada, nimekusikia. Jirani yuko na stendi, naenda kuzichukua. Giaboksi tumeishusha tena kwa tairi.

mzee_wa_soketi

Afadhali mmeishusha, manake kuna vitu vya kuangalia nikiwa bado sijafika kwenye pembe.

Kwanza chukua pleti kuukuu na uitie kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono, uone inavyoteleza. Sasa swali ni je pleti mpya uliipima hivyo kabla ya kuifunga? Dukani waweza kupewa seti ya Toyota ingine, kwa macho zafanana, lakini upana ama meno si yale. Meno ya hizi ni 21. Kama hukupima basi fungua uipime, kazi ya nusu saa. Mpya lazima iteleze kwenye shafti mpaka mwisho kwa kidole bila kulazimishwa. Pakaa grisi nyembamba sana kwenye meno ya shafti alafu ufute inayobaki, grisi nyingi yaruka kwenye pleti klachi ianze kuteleza tena kama zamani.

Ukiwa umefungua angalia na upande. Ile sehemu ya springi iliyotokeza yatazama giaboksi, bapa latazama flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini. Nyingi zimeandikwa. Ukiigeuza pleti, giaboksi yaweza kuingia vizuri tu lakini klachi haitaachia.

Katikati ulipanga na nini?

kijana_wa_mtopanga

Seti ilikuja na kile kijiti cha plastiki, nikakitia, nikakaza presha pleti alafu nikakitoa. Kilitoka laini. Pleti mpya nilipima iliteleza poa na upande uko sawa, hilo nina uhakika.

mzee_wa_soketi

Kama kijiti kilitoka laini bila kung'ang'ania basi katikati uko sawa. Bolti za presha pleti natumai ulikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho alafu nyingine, manake presha pleti hupinda. Ni ndogo hizo, Nm 19 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), usizikaze kama nati za tairi. Na usisahau kufuta uso wa flaiwili, kwa breki klina na kitambaa kisafi, mafuta ya vidole yatosha kuiharibu.

Sasa pembe. Hizi gari za kuvuta mbele injini imelala kwa upana. Ukitoa maunti ya upande wa giaboksi, injini hubaki imening'inia na upande huo washuka. Ukishuka, uso wa injini hautazami tena giaboksi yako moja kwa moja, watazama chini kidogo. Nyinyi mnaleta giaboksi imenyooka vizuri, basi juu hugusa mwanzo na chini pabaki wazi. Ndo vile vidole viwili vyako. Waweza kusukuma mpaka Idi, haiingii, shafti yabana kwenye meno ya pleti kwa sababu imeingia kwa mshazari.

Dawa ni mbili. Inua injini upande huo kwa jeki na kipande cha ubao kipana chini ya sahani ya oili, usitie jeki peke yake utaitoboa, uinue mpaka uso usimame. Ama shusha mkia wa giaboksi ulingane na injini ilivyo. Mimi hufanya zote mbili, injini nainua kidogo alafu giaboksi naifuata. Usiinue injini kupita kiasi kwa sababu maunti ya upande wa pili na mabomba ya maji bado yameshika.

Kipimo chako ni nafasi yenyewe. Zunguka na kidole, juu, chini, mbele, nyuma. Ikiwa sawa pande zote, hapo sukuma. Isipokuwa sawa hata usijisumbue.

yakhe_likoni

Yakhe naongeza moja iliyonisaidia. Nenda dukani nunua bolti mbili ndefu za saizi ile ile ya zile kubwa, ukate vichwa kwa msumeno, uchonge mfereji wa bisibisi kwenye ncha. Zifunge kwa vidole kwenye injini, moja huku moja kule. Giaboksi waitundika kwenye hizo, uzito wote umebebwa, wewe kazi yako ni kutelezesha tu. Ukimaliza wazitoa kwa bisibisi watia bolti zenyewe. Ukiwa peke yako ama na binamu asiyejua anachofanya (samahani binamu) hio ndo njia.

bi_spana_tudor

Hio ya bolti za kukata vichwa ni nzuri sana naunga mkono. Na mimi niongeze kuhusu meno. Tia giaboksi kwenye gia ya nne ili shafti iwe nzito isizunguke ovyo, alafu mmoja asukume polepole huku mwingine azungushe krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa soketi ya 19 kupitia nafasi ya guruduma la kulia mbele. Robo zunguko tu na meno yakikutana utaisikia, yaruka mbele yenyewe. Hakikisheni betri imetolewa, isije mtu akagusa ufunguo.

Rilisi biringi na foki (ule mkono unaoisukuma) angalia ukiwa bado giaboksi iko chini. Foki imekalia kile kichwa cha mviringo na imeshikwa na springi, ikichomoka pale biringi hulala upande na kugonga vidole vya presha pleti. Shika foki kwa nje uisukume mbele nyuma, biringi iende na kurudi imenyooka. Ikichezacheza kama jino bovu basi haijakaa.

kijana_wa_mtopanga

Haya wakuu nimerudi. Stendi ziko, ubao uko chini yake, mama amekuja kukagua mwenyewe akaridhika. Foki ilikuwa sawa. Injini kumbe ilikuwa imeshuka wallahi, nimeinua na ubao chini ya sahani mpaka ikanyooka, nimetia bolti mbili za kukatwa vichwa, binamu kwenye krenki mimi kwenye giaboksi. Imeruka!! Imeingia mpaka imebaki unene wa peni pande zote sawa sawa. Alafu hapo imekwama tena na haitaki hata kidogo. Sai nikaze na bolti au bado?

changamwe_jua_kali

Sasa hapo kaza.

mzee_wa_soketi

Bado. Unene wa peni sawa pande zote ni pini. Kuna mbili, ni vipande vya bomba fupi vya chuma vinavyokaa kwenye matundu mawili ya bolti kati ya injini na giaboksi, hizo ndo zinazopanga injini na giaboksi zikae katikati. Irudishe nyuma kidogo tu ikiwa imetundikwa kwenye zile bolti zako, isitoke kwenye meno, umulike na tochi.

Angalia vitu vitatu. Pini zote mbili zipo? Kuna iliyobaki upande wa giaboksi na ukatia nyingine upande wa injini? Na midomo yao imepigwa? Mtu aliyewahi kuishusha kabla yako akiwa alitumia bisibisi na nyundo kuitenganisha huwa mdomo wa pini umekunjika nje na hauingii tundu. Alafu huku kwetu pwani chumvi haina huruma, chuma ndani ya aluminiamu hufanya ule unga mweupe ndani ya tundu, tundu hubana. Unga huo watolewa kwa msasa uliokunjwa kwenye kijiti.

Mulika na juu, waya wa taa ya rivasi na ule waya wa ardhi hupenda kujificha hapo na kubanwa. Na lile bati jembamba la vumbi lililo kati, likae kwenye pini zake, likiinama kona moja yatosha kukuzuia.

kijana_wa_mtopanga

Mzee wewe ni mchawi. Bati liko sawa, waya ziko kando. Pini ya mbele mdomo umekunjwa upande mmoja, yaonyesha kabisa ilishawahi kupigwa na kitu, na tundu lake kwenye giaboksi lina ule unga mweupe. Nichonge na tupa?

mzee_wa_soketi

Chonga mdomo tu, ule uliokunjika, usiguse mwili wa pini. Ukipunguza mwili italegea na kazi yake ni kutolegea. Weka kitambaa ndani chembe zisiingie kwenye klachi. Msasa kwenye tundu, futa, pakaa grisi kidogo kwenye pini zote mbili, alafu sukuma. Hapo ikiwa imeshapanda kwenye pini na nafasi karibu imekwisha, wawezatia bolti mbili za pembe mkabala kwa vidole na kuzifuata na spana ndogo. @changamwe sasa ndo wakati wako.

changamwe_jua_kali

😂😂 nimenyamaza mzee wangu.

kijana_wa_mtopanga

IMEINGIA. Imegusa kote, hata wembe haupiti. Alhamdulillah. Binamu sai ajifanya ni yeye alijua. Sasa nini kifuate nisije nikaharibu mwisho mwisho?

bi_spana_tudor

Hongera. Maunti kwanza kabla ya kutoa jeki chini ya injini. Bolti za kuunganisha giaboksi, kwa Corolla za kizazi hicho kubwa ni Nm 64 na zile ndogo Nm 46. Usichanganye ndefu na fupi, fupi kwenye tundu refu hushika meno mawili tu na yavua.

Drafshafti, kabla hujazirudisha angalia oili sili za pembeni, kama zimekauka midomo badilisha sasa ni za bei ndogo. Sukuma mpaka usikie klipu imelia ndani, alafu vuta kidogo ujue imeshika. Ile nati kubwa ya kitovu cha guruduma, ya soketi 30, ni Nm 216, hio ni nguvu ya mtu mzima na bomba refu, na ile pini ya kuifunga isikose. Joint ya chini ya mkono kaza sawasawa, hapo ndo guruduma limeshikwa.

Silinda ya klachi ya chini, ile inayosukuma foki, natumai hukufungua bomba ulining'iniza tu, na hakuna aliyekanyaga pedali ikiwa imening'inia. Kama alikanyaga yule pistoni ameshatoka na utakuwa na kazi ya kutoa hewa.

Oili tia kabla hujawasha, watu husahau hasa wakiwa na furaha. 75W-90, karibu lita 1.9. Nati ya kujazia ni ile ya pembeni, ya spana 24, jaza gari ikiwa imekaa bapa mpaka oili ianze kumwagika pale pa kujazia, hapo imetosha. Kitabu cha hizi Toyota chakubali GL-4 au GL-5 (madaraja ya oili ya gia), lakini gari ingine soma kitabu chake, ziko zinazotaka GL-4 pekee kwa sababu ya shaba ya ndani. Usitie ile nyekundu ya otomatiki eti ni nyepesi.

kijana_wa_mtopanga

Dada... binamu alikanyaga pedali. Alikuwa anatafuta redio.

bi_spana_tudor

Siku binamu akiamua kuacha gari ziendelee na maisha yao mtanijulisha. Angalia raba ya silinda, kama pistoni amechomoka na raba imeingia mchanga nunua seti ya raba mpya, ni rahisi. Rudisha, jaza DOT 3 (mafuta ya breki) kwenye kikopo cha juu, mmoja akanyage mara kadhaa ashikilie chini, wewe fungua nati ya kutolea hewa, funga, ndo aachie. Asiachie ukiwa bado umefungua. Rudia mpaka zisitoke povu na kikopo kisikauke katikati ya kazi. Hio mafuta ikimwagika kwenye rangi osha na maji hapo hapo.

kijana_wa_mtopanga

Imewaka, gia zote zaingia, rivasi haisagi. Pedali yashika juu kidogo kuliko zamani, ni kawaida?

mzee_wa_soketi

Klachi mpya pale pa kushika hubadilika. Hakikisha tu juu kabisa pedali ina mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma, isipokuwa na mchezo biringi yazunguka saa zote na yakufa mapema. Siku za mwanzo endesha kistaarabu, usiipandishe ngazi ya feri Likoni kwa nusu klachi ukingoja mwenzako wa mbele. Baada ya kuzunguka mtaa rudi ulale chini uangalie kama kuna tone kwenye sili za drafshafti, na uguse bolti zote tena.

dereva_wa_hiace

Nimewafuata kimya kimya. Mimi yangu ni Hiace ya dizeli ya kuvuta nyuma, nataka kuishusha mwezi ujao. Ni hivi hivi?

mzee_wa_soketi

Mambo ya pembe na pini ni yale yale ila kuna tofauti mbili. Moja, kuna biringi ndogo mwisho wa krenki katikati ya flaiwili, ncha ya shafti yaingia mle, kwa hivyo pleti ikiwa nje ya katikati hata kidogo giaboksi husimama mwishoni kabisa na utadhani ni pini. Ibadilishe ukiwa pale, izungushe kwa kidole, ikikwaruza itoe. Ya pili ni uzito, ile si ya kubebwa na watu wawili, tafuta jeki ya giaboksi ama usianze. Propela, ule mhimili mrefu wa kwenda nyuma, piga alama ya rangi kwenye flenji zote mbili kabla ya kuifungua ili irudi vile vile, la sivyo utapata mtikisiko ukifika spidi ya Mariakani.